Mikono Ina Kazi, Akili Je? Ufafanuzi wa Sayansi kwa Vitendo Katika Shule ya Msingi

Ukitaja sayansi kwa vitendo mbele ya walimu wa shule ya msingi, haipiti dakika kabla mtu hajaitaja volkano. Mnaijua: mlima wa udongo, chupa katikati, magadi ndani ya chupa, siki inamiminwa, povu linafurika na watoto wanashangilia. Picha zinapigwa, meza zinapanguswa, kipindi kimekwisha. Siku mbili baadaye muulize mtoto alijifunza nini. Atakwambia, "Lilitoka povu."

Jibu hilo ni la kweli kabisa. Shida ni kwamba hana jingine la kutoa, maana hakuna aliyemwuliza jingine. Tena povu lile halifanani sana na volkano yenyewe. Ardhini ni mwamba ulioyeyuka unaosukumwa na gesi zilizobanwa ndani yake. Chupani ni asidi ya siki inayokutana na magadi na kutoa gesi ya kabonidayoksaidi. Mtoto ametoka darasani na mambo mawili yaliyochanganyika kichwani, na hakuna hata moja alilolielewa.

Sasa chukua vifaa vilevile, ila mlima uuache. Visha puto kwenye mdomo wa chupa, kisha uliza: kijiko kimoja cha magadi kikijaza puto kiasi hiki, je, vijiko viwili vitalijaza mara mbili? Na vinne? Kila kikundi kinaandika makisio yake kabla ya kugusa chochote. Siki inapimwa kiasi kilekile kila mara, na kinachobadilika ni magadi tu. Mwanzoni puto linaongezeka kama walivyotarajia. Halafu linafika mahali linagoma. Ongeza magadi utakavyo, puto halisogei. Hapo darasa linanyamaza, na kimya hicho ni kizuri kuliko zile kelele za volkano. Baada ya ubishi mtu atasema kwamba huenda siki imekwisha. Basi waongeze siki waone. Mtoto wa miaka kumi amefikia jambo ambalo wanakemia hulitegemea kila siku, kwamba mmenyuko hukoma pale kiambato kimojawapo kinapokwisha.

Vifaa ni vilevile na muda ni uleule. Kilichoongezeka ni ulazima wa kukisia, kupima na kutetea jibu. Hicho ndicho kinachofanya kazi ya mikono iwe somo, na kikikosekana, tulichonacho ni burudani.

Wazo la zamani kuliko jina lake

Siku hizi ufundishaji wa aina hii huitwa STEM, kifupi cha maneno ya Kiingereza ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, zikifundishwa kwa kuunganishwa badala ya kila somo kukaa chumba chake. Jina ni la juzijuzi, lakini wazo la mtoto kujifunza kwa kutenda lina zaidi ya karne. Mwanafalsafa wa Marekani John Dewey alianzisha shule yake ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896, na huko watoto walijifunza hesabu na sayansi kupitia useremala, ufumaji na upishi. Daktari wa Italia Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, akijaza vyumba vitu vya kushika, kupanga na kupima. Baadaye mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget akaeleza kwamba watoto wa takriban miaka 7 hadi 11 huweza kufikiri kwa mantiki, ila mantiki hiyo hushikamana na vitu wanavyoviona na kuvigusa. Wape vitu halisi, watakushangaza. Wape maelezo matupu, watakariri.

Kila baada ya muda serikali fulani hushtuka na kuligundua wazo hili upya. Marekani ilishtuka mwaka 1957, Muungano wa Kisovieti uliporusha Sputnik, satelaiti ya kwanza kutengenezwa na binadamu, na fedha nyingi zikamwagwa kwenye mitaala mipya ya sayansi. Lakini mifano inayonivutia zaidi ni miwili mingine. India, mwaka 1972, mradi wa Hoshangabad katika jimbo la Madhya Pradesh ulianza na shule 16 za vijijini. Watoto walifanya majaribio kwa vifaa rahisi, wakatoka nje kukusanya mimea na wadudu, na hata mtihani ukawa wa vitendo. Ufaransa, mwaka 1996, mwanafizikia Georges Charpak, aliyekuwa ameshapata Tuzo ya Nobel, alianzisha mpango wa La main à la pâte (yaani "mkono kwenye unga uliokandwa") kwa shule za msingi baada ya kuona kazi ya mwenzake Leon Lederman huko Chicago. Mpango huo ulisisitiza kitu kidogo ambacho wengi hukidharau: kila mtoto awe na daftari lake la majaribio, anamoandika kwa maneno yake mwenyewe alichokisia na alichokiona, hata kama amekosea.

India ya vijijini na Ufaransa ya miaka ya tisini hazina mengi ya kufanana. Miradi yote miwili ilifanikiwa pale ilipowekeza kwa mwalimu, na hakuna hata mmoja uliohitaji maabara ya kifahari. Ninapoona shule inaagiza roboti kabla ya kumpa mwalimu nafasi hata ya kulijaribu zoezi mwenyewe, huwa najua roboti hizo zitaishia kabatini.

Ugomvi kuhusu kumwacha mtoto agundue mwenyewe

Kuna ubishi wa miaka mingi kati ya watafiti wa elimu, na mwalimu anayeanza anastahili kuufahamu. Upande mmoja unasema mtoto aachwe agundue, kwa kuwa alichokigundua mwenyewe hakimtoki. Upande wa pili unasema mtoto aliyeachwa bila mwongozo hupoteza muda, hushika mambo yasiyo ya kweli, na hutoka akiamini kwamba sayansi ni kubahatisha.

Mwaka 2004 David Klahr na Milena Nigam walichapisha utafiti uliozua mjadala mkubwa. Waliwachukua watoto 112 wa darasa la tatu na la nne, wakawapa njia za mteremko na mipira ya kuviringisha. Mteremko ungeweza kuwa mkali au wa taratibu, uso wake laini au wa kukwaruza, njia ndefu au fupi, na mipira ilikuwa ya aina mbili. Kazi ilikuwa kupanga jaribio la haki: ukitaka kujua kama uso una athari, badilisha uso tu na mengine yote yaache vilevile. Kundi moja lilionyeshwa na mwalimu mifano mizuri na mibaya, likaelezwa kwa nini. Kundi lingine liliachwa na vifaa lijaribu lenyewe. Waliofundishwa wazi, asilimia 77 waliimudu kanuni hiyo. Walioachwa wagundue, asilimia 23.

Wengi husoma tarakimu hizo na kuhitimisha kwamba vitendo havina maana. Wamesoma vibaya. Makundi yote mawili yalikuwa na vifaa mikononi. Tofauti ilikuwa kwenye maelezo. Tena wale wachache waliogundua wenyewe, walipopewa baadaye mabango ya sayansi wayakosoe, walifanya vizuri sawa na waliofundishwa. Kwa maoni yangu somo lililopo ni jepesi kulishika: namna ya kupanga jaribio la haki ifundishwe wazi, kwa mifano, bila kuzungushana. Ni chombo, na hakuna mtoto anayepaswa kubuni msumeno kabla ya kukata ubao. Kitakachopatikana kwa kukitumia chombo hicho ndicho aachiwe akitafute.

Betri moja, balbu moja, waya mmoja

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauhitaji hata meza. Mpe mtoto betri moja ya volti 1.5, balbu ndogo ya tochi ya aina ya zamani yenye waya mwembamba ndani, na kipande kimoja cha waya wa umeme kilichochunwa ncha zote mbili. Mwambie aiwashe. Basi, usiseme zaidi.

Karibu watoto wote huanza kwa kuweka balbu juu ya betri, au kwa kuunganisha balbu na betri kwa waya ule mmoja. Haiwaki. Wanasema betri imekufa. Wanabadilishana betri. Haiwaki. Nyuma ya mikono hiyo kuna wazo zima kuhusu umeme: kwamba hutoka kwenye betri kama maji bombani, hufika kwenye balbu na kuishia humo. Roger Osborne na wenzake nchini New Zealand walichunguza mawazo ya aina hii mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakakuta mengine pia. Wapo watoto wanaodhani umeme hutoka pande zote mbili za betri na kugongana ndani ya balbu, na kugongana huko ndiko kunakotoa mwanga. Wapo wanaokubali kwamba umeme huzunguka, lakini wakaamini kwamba balbu hula sehemu yake na kinachorudi kwenye betri ni kidogo.

Mawazo haya hayaondoki kwa kuambiwa. Watu wazima wenye shahada wanayo. Yanatikisika pale mtoto anapokutana na jambo ambalo wazo lake haliwezi kulieleza. Kwa hiyo mwalimu mwenye subira huacha dakika kumi zipite. Mwishowe mmoja anaulaza waya kwa chini ya betri, analeta ncha ya pili ubavuni mwa balbu, huku kitako cha balbu kikigusa juu ya betri, na mwanga unatokea. Sasa kila mtu anataka kuona. Hapa ndipo kazi ya mwalimu inapoanza: choreni njia zote mlizojaribu, zilizowaka upande huu, zisizowaka upande ule. Zilizowaka zina nini ambacho nyingine hazina? Watagundua kwamba balbu lazima iguswe sehemu mbili tofauti, kitakoni na ubavuni, na betri vilevile juu na chini. Saketi imezaliwa bila mtu kuamuru ikaririwe.

Kisha wachokoze. Wape balbu mbili zinazofanana, waziunganishe kwa kufuatana katika njia moja, lakini kwanza wakisie ipi itawaka zaidi. Anayeamini umeme huliwa njiani atasema ya kwanza. Zinawaka sawasawa, zote kwa mwanga hafifu. Wazo lake limepata ufa, na ameuona kwa macho yake.

Hisabati inayoingia bila kulazimishwa

Mara nyingi hisabati ndiyo huachwa nyuma katika masomo haya, au huchomekwa mwishoni kama grafu ya kupaka rangi. Jaribio la kamba yenye uzito unaobembea linaonyesha namna nyingine. Funga kijiwe kwenye uzi wenye urefu wa mita 1, kiachie kibembee, hesabu mabembeo kamili, kwenda na kurudi, kwa sekunde 30. Watapata takriban 15. Ukiongeza uzito je? Watoto wengi watakisia kwamba kitakwenda haraka zaidi. Wajaribu: bado ni takriban 15. Ukikisukuma kianzie mbali kidogo zaidi? Bado vilevile, mradi usizidishe.

Basi wafupishe uzi hadi nusu, sentimita 50. Kama uzi ni nusu, mabembeo yatakuwa mara mbili, 30? Yanakuja 21 hivi. Hapo wale wenye kupenda hesabu wanaanza kukereka, na kukereka huko ni dhahabu. Ili kupata 30 wanalazimika kufupisha hadi sentimita 25, yaani robo. Mtoto wa shule ya msingi hana haja ya kujua kipeuo cha pili ili aone kwamba kuna uhusiano hapa usio wa moja kwa moja. Ameupima kwa uzi na jiwe, na siku atakapokutana na kipeuo sekondari, atakuwa na mahali pa kukipachika.

Angalia pia kinachotokea kundi moja linapopata 15, lingine 14, lingine 16. Hiyo si fujo ya kufichwa. Nani alianza kuhesabu kwa "moja" kabla bembeo la kwanza halijakamilika? Nani alichelewa kusema "simama"? Kupima kuna makosa yake, na kurudia kipimo ndiyo dawa. Somo hilo halipatikani kwenye kitabu chenye majibu yaliyonyooka.

Uhandisi ni kujenga mara ya pili

Sayansi huuliza kwa nini jambo liko hivi. Uhandisi huuliza nifanyeje ili kitu hiki kifanye kazi, nikiwa na vifaa hivi tu na muda huu tu. Watoto hupenda swali la pili, na zoezi la daraja la karatasi ni maarufu kwa haki. Karatasi moja, vitabu viwili vilivyotengana sentimita 20, je, daraja litabeba sarafu ngapi? Karatasi iliyolazwa hujikunja kwa sarafu chache. Ikikunjwakunjwa kama bati la kuezekea, hubeba nyingi mno, kwa kuwa kila mkunjo umesimama wima na hauinami kirahisi.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kuligeuza zoezi hili kuwa mashindano ya raundi moja. Mshindi anapigiwa makofi na kipindi kinafungwa. Kumbe raundi ya kwanza ilikuwa ya kupata taarifa tu. Daraja limekatikia wapi? Katikati au ukingoni? Lilijipinda kwanza au liliteleza? Wape karatasi nyingine wajenge tena, na sharti liwe moja: kila badiliko lielezwe sababu yake kutokana na kilichotokea mara ya kwanza. Kama kuna muda wa kujenga mara moja tu, ni afadhali kuchagua kazi ndogo zaidi.

Kompyuta nazo zina nafasi yake. Seymour Papert na wenzake walitengeneza lugha ya kompyuta ya Logo mwaka 1967, ambayo mtoto huitumia kuamuru "kobe" wa kuchora, yaani roboti ndogo au alama kwenye skrini, aone kosa lake papo hapo, alirekebishe. Scratch, lugha nyingine iliyotolewa mwaka 2007 na chuo cha MIT cha Marekani, inafuata njia hiyohiyo kwa vipande vya amri ambavyo mtoto huvipachika pamoja kwenye skrini. Kanuni haibadiliki: mtoto anayenakili programu kutoka ubaoni hafanyi tofauti na anayemimina siki.

Kunyamaza, na nani ameshika bisibisi

Mtafiti Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Wastani ulikuwa kama sekunde moja tu. Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde tatu, majibu ya watoto yakawa marefu, wakaanza kutoa sababu, na wale wasiozoea kusema wakasema. Hakuna kifaa cha sayansi kilicho rahisi zaidi ya hicho. Jaribu kuhesabu kimoyomoyo mbele ya darasa, utaona sekunde tatu zinavyokaa kama nusu saa.

Swali lenyewe nalo lina uzito. "Umeelewa?" halina kazi. "Unadhani kitatokea nini?" na "Umejuaje?" ndiyo maswali mawili yanayotosha kuendesha kipindi kizima.

Kisha tembea kati ya vikundi utazame mikono. Mara nyingi mtoto mmoja amehodhi vifaa, wawili wanatazama, na mmoja, ambaye mara nyingi ni msichana mwenye mwandiko mzuri, amefanywa karani. Yule karani anapata alama kwa ripoti safi na hajagusa waya. Si jambo dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Lin Bian na wenzake ulionyesha kwamba kufikia umri wa miaka 6 wasichana huanza kupunguza kuhusisha werevu wa hali ya juu na jinsia yao, na kuanza kuepa michezo inayosemwa ni ya watoto werevu sana. Ukisubiri sekondari umechelewa. Majukumu ndani ya kikundi yazungushwe kwa saa, si kwa hiari: mwenye vifaa, mpimaji, mwandishi, msemaji. Vikundi vya watoto watatu au wanne vinatosha. Wakifika sita, wawili wataanza kucheza, na huwezi kuwalaumu.

Darasa likiwa kubwa mno kuliko vifaa, nusu ifanye jaribio huku nusu nyingine ikichora makisio na kuandaa jedwali, kisha wapishane. Inachosha, ndiyo. Lakini ni bora kuliko jaribio moja mbele ya darasa ambalo safu ya nyuma inaliona kama tamasha la mbali.

Usalama usifanywe hotuba ndefu. Umeme wa ukutani usiguswe kabisa; betri za kavu zinatosha kila zoezi la umri huu. Waya ukipigwa shoti kati ya ncha mbili za betri hupata moto, kwa hiyo waambie mapema waachie mara wanapohisi joto. Betri bapa zenye umbo la kitufe zisiingie darasani kwa wadogo, kwa kuwa mtoto akiimeza huunguza koo lake ndani ya saa chache. Miwani ya kinga ivaliwe kunapokuwa na kumimina au kukata.

Utajuaje wamejifunza?

Si kwa kuwauliza saketi ni nini. Hilo atalijibu hata aliyekuwa amelala, akisaidiwa na jirani. Wape hali ambayo hawakuifanyia kazi. Baada ya zoezi la balbu, weka mezani tochi isiyowaka ambayo umeiharibu kwa makusudi: betri moja umeigeuza, balbu umeilegeza, au umeweka kipande cha karatasi kati ya betri na springi. Usiseme ni kipi. Kaa pembeni na daftari lako.

Mtoto anayekagua kimoja baada ya kingine, akijaribu kuwasha kila anapobadilisha kitu, ameshika mambo mawili kwa mpigo: njia ya umeme na jaribio la haki. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja na tochi ikawaka, amefaulu kuwasha lakini hawezi kusema tatizo lilikuwa nini, na inafaa umwulize hilo hapohapo. Yuko pia yule anayeitikisa na kuipigapiga kwenye kiganja, kama wafanyavyo watu wazima wengi. Wakati mwingine tochi huwaka kwa namna hiyo. Usimkaripie, mwulize kimesogea nini huko ndani.